WIMBO WA WENGI JUU YA KUJIANGAMIZA

Siku hizi katika vijiji vyetu sijui kama kuna jambo linalowagawa wazee na vijana kuliko muziki. Mzee asikiapo ngoma nzito ikitoka katika simu ya mjukuu wake, na juu ya ngoma ile sauti inayosema mbio mbio bila kuimba, hutikisa kichwa na kusema, "Huu si wimbo, huu ni ugomvi." Kijana naye huona kwamba mzee amehukumu asilolisikia. Leo nataka kuwaeleza habari za wimbo mmoja wa namna hiyo: jinsi ulivyotengenezwa, na jinsi muziki wake ulivyopangwa. Ulitolewa mwaka 1989 katika mji wa New York, Marekani. Ni mbali sana, lakini neno lake latuhusu.

Yafaa kwanza niwaambie sababu ya mimi, karani wa parokia, kushughulika na mambo hayo. Mwaka jana, Jumatatu ya Pasaka, vijana wawili wa parokia yetu waligombana katika dansi la usiku. Mmoja akamchoma mwenziwe kisu. Aliyechomwa tulimzika siku ya Jumatano, na aliyemchoma yuko gerezani akingoja kesi. Kitabu cha marehemu wa parokia nakiandika mimi. Katika nafasi ya umri niliandika 19. Juma lile lile wazee wa baraza walitaka muziki wa kufokafoka upigwe marufuku katika ukumbi wetu, maana ndio uliokuwa ukipigwa usiku ule. Baba Paroko hakukata shauri upesi. Kwa kuwa nilisomea ualimu, alinituma mimi nikae na vijana, nisikilize wanachosikiliza, kisha nilete habari barazani.

Nilikaa nao Jumapili nne, baada ya Misa ya pili. Sitawaficha: nyingi za nyimbo walizonisikilizisha hazikunipendeza, na nyingine zilikuwa na matusi hata sikuzimaliza. Lakini Jumapili ya tatu kijana mmoja, fundi wa baiskeli, alinipa simu yake na kusema, "Mwalimu, kabla wazee hawajatufungia mlango, sikiliza na huu." Wimbo wenyewe waitwa "Self Destruction", maana yake Kujiangamiza. Kiingereza changu ni cha darasani, na wale watu husema upesi. Basi ilinibidi niusikilize mara nyingi, kalamu mkononi, na kutafuta habari zake katika intaneti. Niliyoyapata ni haya.

MAHALI ULIPOTOKA

Muziki huu wa kufokafoka, ambao wenyewe huuita hip-hop, ulianza katika mtaa wa Bronx, New York, miongoni mwa watu maskini, weusi kwa wingi, na pamoja nao watu waliotoka visiwa vya Karibi. Siku inayokumbukwa ni tarehe 11 Agosti 1973. Msichana mmoja, Cindy Campbell, alifanya karamu ya dansi katika nyumba yao ya kupanga ili apate fedha za nguo za shule. Kaka yake, aitwaye Kool Herc, mzaliwa wa Jamaika, ndiye aliyepiga santuri. Alikuwa na vinanda viwili vya santuri na nakala mbili za santuri ile ile. Aliona kwamba watu hucheza kwa furaha zaidi mahali pale ambapo waimbaji hunyamaza ikabaki ngoma peke yake. Basi ngoma ikiisha katika santuri hii, aliianza tena katika ile, akairefusha kadiri alivyotaka. Juu ya ngoma ile watu wakaanza kusema maneno yenye vina. Huo ndio mwanzo. Ni muziki wa watu ambao hawakuwa na bendi, wakatumia walichokuwa nacho.

Baadaye, katika Bronx hiyo hiyo, alikuwako kijana aliyejiita KRS-One, asiyekuwa na makazi. Alilala katika nyumba ya kuhifadhi watu wasio na pa kulala. Huko alikutana na mtumishi wa nyumba ile, Scott Sterling, ambaye kazi yake mchana ilikuwa kuwashauri watu wale, na usiku alipiga santuri kwa jina la Scott La Rock. Mtumishi na aliyehudumiwa wakawa marafiki, wakafanya kundi, na mwaka 1987 wakatoa santuri yao kubwa ya kwanza. Pamoja nao alikuwa kijana mdogo, D-Nice, ambaye hakutimiza hata miaka ishirini.

Mwezi wa Agosti mwaka ule ule 1987, D-Nice alipata ugomvi na watu fulani. Scott La Rock alikwenda kuamua ugomvi ule kwa maneno, bila silaha. Akapigwa risasi, akafa. Umri wake ulikuwa miaka 25. Ndugu msomaji, tafadhali likumbuke jambo hili: alikufa akipatanisha.

Mwaka uliofuata, mwezi wa Septemba, kijana mmoja alichomwa kisu akafa katika maonyesho makubwa ya muziki huo karibu na New York. Magazeti yakapiga kelele kwamba muziki ndio muuaji, kama wazee wetu wa baraza walivyosema. Hapo mwandishi mmoja wa habari za muziki, Nelson George, pamoja na KRS-One na Ann Carli, mama mmoja aliyefanya kazi katika kampuni ya santuri, wakafanya shauri kwamba wenye muziki wenyewe wajibu. Lakini hawakujibu kwa kujitetea. Wakakusanya waghani zaidi ya kumi, wakauita umoja wao "Stop the Violence Movement", yaani harakati ya kukomesha ujeuri, wakatengeneza wimbo mmoja. Mapato yake yakaelekezwa kwa National Urban League, chama cha kuwasaidia watu weusi wa Marekani kilichoanzishwa mwaka 1910.

JINSI ULIVYOPANGWA

Sasa niwaeleze muziki wenyewe, maana hapa ndipo nilipojifunza.

Chini kabisa iko ngoma. Ukitaka kuijua, piga mguu chini, kisha piga kofi, mguu, kofi, mguu, kofi. Ndiyo hiyo. Haibadiliki toka mwanzo mpaka mwisho, kama mchi katika kinu cha mama mwenye mkono mzoefu. Juu ya ngoma kimewekwa kipande kifupi kilichochukuliwa katika santuri ya zamani, "Pass the Peas" ya mwaka 1972, iliyopigwa na The J.B.'s, bendi ya James Brown. Mashine hukata kipande cha sauti na kukirudia tena na tena. Fundi cherehani aweza kukata kitambaa kizima katika kanzu kuukuu ya baba akamshonea mtoto shati. Na hawa hufanya vivyo hivyo na muziki wa baba zao. Kwa hiyo msidhani vijana wale walitupa ya wazee. Wimbo mzima umesimama juu ya kazi ya wazee.

Kazi ya kuunganisha ngoma na vipande hivyo ilifanywa na KRS-One pamoja na D-Nice. Ndiyo, D-Nice yule yule ambaye Scott La Rock alikufa kwa ajili ya ugomvi wake. Hakukimbia akajificha. Alitia mkono katika kutengeneza ngoma ya wenziwe, na zamu yake ilipofika alisimama akasema.

Juu ya ngoma wanapokezana waghani. Mmoja huingia, husema beti chache, hutoka. Mwingine hushika hapo hapo bila ngoma kusimama. Katikati wote hurudia jina la wimbo kuwa kiitikio. Nilipousikiliza nilikumbuka ngonjera tulizofundishwa shuleni, zile alizozieneza marehemu Mathias Mnyampala, ambaye pia alitutungia utenzi wa Injili. Katika ngonjera wasemaji hupokezana, hubishana, na mwisho hupatana. Lakini tofauti ipo. Ngonjera hutungwa na malenga mmoja, na wasemaji hufuata mizani yake. Katika wimbo huu kila mtu ameachiwa mwendo wake. Kool Moe Dee wa Harlem hupanga maneno yake kwa utaratibu kama mwalimu wa hesabu. Heavy D, mtu mnene, husema kwa wepesi kana kwamba anacheza. Doug E. Fresh alijulikana sana kwa kupiga ngoma kwa mdomo wake. Wamo wanawake wawili, Ms. Melodie, na MC Lyte wa Brooklyn, aliyekuwa msichana wa miaka kama kumi na minane. Hakuna anayewasindikiza, wanasema zamu zao kama wanaume. Mwishoni anakuja Chuck D, mwenye sauti nzito kama ya mhubiri, na mwenziwe Flavor Flav mwenye sauti ya utani.

Mwaweza kuulinganisha na wimbo mwingine wa watu wengi, "We Are the World", ulioimbwa na wanamuziki zaidi ya arobaini usiku wa tarehe 28 Januari 1985 kwa ajili ya wenye njaa wa Ethiopia. (Usiku ule Stevie Wonder alitaka waingize maneno ya Kiswahili, mpaka wakakumbushwa kwamba Waethiopia hawasemi Kiswahili.) Ule ni wimbo wa sauti moja: Michael Jackson na Lionel Richie waliutunga, na wengine wakagawiwa vipande vyake kama wanakwaya. Huu wa vijana wa New York ni wa namna nyingine. Sauti hazikulazimishwa kufanana. Kinachowaunganisha ni mambo mawili tu: ngoma moja na neno moja.

Tena msomaji, ujue kwamba desturi ya muziki huu ni kujisifu. Wasomaji wa Bukoba wayajua majigambo, jinsi mtu asimamavyo mbele ya mkubwa akataja ushujaa wake mwenyewe. Mghani wa hip-hop hufanya hivyo kila siku, na mara nyingi humshusha mwenziwe ili apande yeye. Hata KRS-One alipata jina kwa kushindana kwa maneno na waghani wa mtaa wa Queensbridge juu ya mahali muziki ulipoanza. Basi kumweka mtu kama huyo pamoja na wenziwe zaidi ya kumi, kila mmoja akizoea kuwa jogoo peke yake uani, na kumwambia, "Wewe utapata mistari michache, kisha umwachie mwenzako," si jambo dogo. Katika wimbo huu waliacha kujisifu. Nami nadhani kwamba hata asiyejua Kiingereza aweza kulisikia hilo: mtu anasema, anamaliza, anampa mwenziwe nafasi, wala ngoma haianguki.

Na neno lao ni lipi? Wazee wetu walikwisha kulisema zamani: kikulacho ki nguoni mwako. Mmoja wao anakumbuka Ku Klux Klan, kundi la Wazungu waliowaua na kuwatisha watu weusi, kisha anasikitika kwamba sasa mtu mweusi humwogopa mweusi mwenziwe. Hawasemi kwamba serikali haina kosa au kwamba maskini hawaonewi. Wanasema tu kwamba hata anayeonewa ana mkono, na mkono huo akiuinua juu ya ndugu yake, dhambi ni yake. Hiyo ni habari ya Kaini na Abeli, nasi twaijua toka katekisimu.

MASWALI YA WAZEE

Nilipoleta habari hizi barazani, mzee mmoja aliuliza swali zuri. "Mwalimu, watu hao wenyewe ni wasafi?" Nikamjibu kweli: la. Picha ya santuri yao ya mwaka 1987 yawaonyesha KRS-One na Scott La Rock wakiwa na silaha, na picha ya santuri ya mwaka 1988, baada ya Scott kuuawa, yamwonyesha KRS-One akichungulia dirishani na bunduki mkononi. Waliupenda mfano wa bunduki kabla bunduki haijawajia nyumbani, na hata baadaye hawakuuacha mara moja. Lakini tukingoja mtu asiye na doa ndipo tusikie neno la amani, tutangoja sana.

Mama mwenyekiti wa WAWATA akauliza lingine, "Je, wimbo huo ulizuia mauaji?" Hapo nami sikuwa na la kuwafurahisha. Wimbo ulipendwa mno. Mwezi wa Machi 1989 gazeti la Billboard lilipoanza kupanga nyimbo za rap kwa daraja, ndio uliokuwa wa kwanza. Fedha zilikwenda kwa chama nilichokitaja. Mwaka 1990 waghani wa California nao wakafanya wimbo wao wa wengi, "We're All in the Same Gang", ulioandaliwa na Michael Concepcion, aliyekuwa mtu wa magenge na kupooza miguu kwa risasi. Lakini mwaka huo huo 1990, katika mji wa New York peke yake, waliuawa watu zaidi ya 2,200. Wimbo si polisi, wala si mahakama, wala si baba na mama.

Yule mama akasema, "Basi una faida gani?" Nikamwambia kwamba hata mahubiri ya Jumapili hatuyapimi kwa hesabu ya dhambi za Jumatatu. Hakucheka, lakini hakuniuliza tena.

YA KWETU

Baraza lilikata shauri hivi: muziki huo usiingie katika Misa, ambayo ina nyimbo zake na adabu yake, ila katika ukumbi vijana waruhusiwe, mchana, na mtu mzima awepo. Tena wakatakiwa watunge wao wenyewe wimbo wa amani kwa mfano ule. Mimi nikawekwa kuwasimamia.

Walikuwa saba, wavulana watano na wasichana wawili. Ngoma walipiga kwa debe na kwa mdomo. Tuliweka amri tatu: kila mtu mistari minane, asizidi, asitajwe mtu kwa jina, na kiitikio kiimbwe na wote. Niliwafundisha kuhesabu mizani kama nilivyofundishwa chuoni, nao wakanifundisha kwamba mizani ikizidi kidogo si dhambi, mradi mtu aifikie ngoma kwa wakati wake. Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyofikiri. Mmoja alileta mistari ishirini akalia tulipoikata. Msichana mmoja, aliyekuwa kimya siku zote, alileta minane ambayo hatukugusa hata neno.

Lakini jambo zito lilikuwa hili. Mdogo wake marehemu alikuwa mmoja wa wale saba. Na mwingine alikuwa binamu yake yule aliye gerezani. Siku ya kwanza mdogo wa marehemu alipomwona mwenziwe mlangoni, alichukua baiskeli yake akaenda zake. Hatukumfuata. Siku ya tatu alirudi, akaketi nyuma ya debe, akapiga ngoma mpaka mwisho bila kusema neno na mtu. Ilipofika zamu ya yule binamu kusema mistari yake, sote tulitazama chini. Ngoma haikukatika.

Waliuimba Sikukuu ya Kristo Mfalme, uwanjani, baada ya Misa. Wazee wengine walipiga makofi, wengine waliondoka. Mama wa marehemu alikuwapo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaenda nyumbani bila kusalimiana na watu. Mpaka leo vijana wale wawili hawajapeana mkono, wala mimi siwezi kuwaambia kwamba watapeana. Nawaambia nilichokiona tu: kila Jumapili alasiri wanakuja wote wawili, mmoja husema na mwingine humpigia ngoma.

Wazazi wenzangu, nawaomba mambo mawili. Kwanza, msiyafunge masikio yenu kabla ya kusikiliza. Mwambie mwanao akueleze maneno ya wimbo anaoupenda, mstari kwa mstari. Ukiwa mchafu, ataona haya kukufasiria, na haya hiyo yaweza kumfundisha kuliko fimbo. Ukiwa mwema, mtakuwa mmepata mazungumzo. Pili, mkiwa na ukumbi, au hata kivuli cha mwembe, wapeni vijana nafasi watunge pamoja, na mtu mzima akae nao, si kama askari bali kama mzazi. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Nanyi vijana, msiige kutoka Marekani kofia na mikufu tu. Igeni na kule kumaliza mistari yako ukamwachia mwenzako.

Tumwombee marehemu wetu, tumwombee na yule aliye gerezani. Mungu awabariki nyote.